Mnalilia Duka la Bunduki? Sisi Tunalilia la Mpira

Wasee, leo nitakosana na watu. Sawa tu.

Kuna aina ya picha ambayo haiishi kuzunguka mitandaoni. Nairobi ya zamani, nyeusi na nyeupe. Duka lina kabati refu la vioo, ndani bunduki za kuwindia zimepangwa kwa mstari, mbao zake zinang'aa. Ukutani kuna pembe za nyati. Nyuma ya kaunta amesimama mzungu wa kaptura na soksi ndefu, ametulia kama anauza mkate. Chini ya picha sasa, watu wa rika langu, wengine hata hawajafika miaka 20, wanaandika eti Kenya ilikuwa tamu, eti tulizaliwa tukiwa tumechelewa, eti maduka yenye heshima kama hayo yaliuawa na serikali.

Mimi nimekulia Dagahaley. Chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo sina digrii ya historia ya kuwatisha nayo. Lakini nina hooyo, nina masikio, na nimesoma vitu. Nawaambia hivi: hilo duka mnalolililia halikuwa lenu. Hata siku moja.

Tuanze na nani aliyefunguliwa mlango.

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikuja kuwinda hapa. Kampuni ya Nairobi inayoitwa Newland & Tarlton ndiyo iliyomwandalia msafara: mahema, chakula, wapagazi zaidi ya 200. Yeye na mwanawe Kermit walipiga wanyama 512. Wawili tu hao. Biashara ya safari ilikua kutoka hapo, na maduka ya bunduki kama Shaw & Hunter yakaishi Nairobi kwa sababu ya wateja wa aina hiyo. Uwindaji kwao uliitwa mchezo. Ndiyo maana bunduki ilikuwa inahesabiwa kama kifaa cha michezo, sawa na raketi ya tenisi au ndoano ya kuvulia samaki. Mkamba au Mliangulu aliyewinda kwa upinde ili watoto wake wale aliitwa jangili na kufungwa. Kitendo ni kile kile. Tofauti ni leseni, na leseni ilikuwa na rangi.

Na mtu wa huku kwetu je? Huku ilikuwa NFD, wilaya ya mpaka wa kaskazini. Kuanzia 1926 wakoloni waliifanya eneo lililofungwa. Bila pasi hutoki, bila pasi huingii. Kwa hivyo mtu wa Garissa hangeamka tu asubuhi aende Nairobi kuangalia vioo vya duka. Kabla hata ya kuulizwa leseni ya bunduki, angeulizwa leseni ya miguu yake mwenyewe.

Sasa najua kuna mtu ameshaanza kuandika komenti: "Lakini baada ya uhuru mambo yalibadilika." Haya, twende baada ya uhuru.

Uhuru ulikuwa tarehe 12 Desemba 1963. Tarehe 28 Desemba, siku 16 baadaye, huku kaskazini kulitangazwa hali ya hatari. Vita vya Shifta vikaja, watu wakakusanywa kwenye vijiji vya kulindwa na bunduki, ngamia wakamalizwa. Vita viliisha 1967, lakini sheria za hali ya hatari zilikaa mpaka 1991. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi. Wakati Nairobi mtu anachagua bunduki kwenye kabati la vioo akiulizwa anapenda mbao za rangi gani, huku kuambiwa una bunduki kulitosha kufanya kijiji kizima kichomwe.

Novemba 1980, Garissa. Maafisa wa serikali waliuawa, na jibu likawa kuchoma mtaa wa Bulla Karatasi. Watu walikusanywa wakafungiwa kwenye uwanja wa shule ya msingi kwa siku kadhaa, bila chakula, bila maji. Soma hapo tena. Uwanja wa shule, mahali ambapo watoto wanapaswa kukimbiza mpira.

Februari 1984, Wagalla, karibu na Wajir. Operesheni ilikuwa ya kutafuta bunduki. Wanaume walipelekwa kwenye uwanja wa ndege, wakavuliwa nguo, wakalazwa juani siku baada ya siku. Serikali kwa miaka mingi ilisema waliokufa ni 57. Manusura wanahesabu kwa maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika kuhusu hayo yote katika ripoti yake ya 2013, na ripoti yenyewe mpaka leo wengi wenu hamjaifungua, lakini picha ya duka la bunduki mmeisambaza mara kumi.

Kwa hivyo ukiniambia "duka la zamani la bunduki" ukitarajia nitabasamu, mimi nasikia kitu kingine kabisa.

Na kuhusu "serikali iliua maduka". Mei 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na 1978 biashara ya nyara ikafungwa pia. Ni kweli, wafanyabiashara waliumia, na waliokuwa wakibeba mizigo na kupika kwenye safari walipoteza kazi. Hilo silikatai. Lakini tembo walikuwa wanaisha, bana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na tembo zaidi ya 160,000. Kufika 1989 walikuwa wamebaki kama 16,000. Marufuku peke yake haikuwaokoa, kwa sababu majangili wenye bunduki za vita walikuwa hawahitaji duka wala leseni. Agosti mwaka huo huo wa 1989, George Adamson, yule mzee wa simba, aliuawa na majambazi kule Kora, ng'ambo ya mto Tana, si mbali na Garissa. Huo ndio mwisho wa hiyo hadithi tamu ya bunduki na porini. Haikuishia kwenye kabati la vioo.

Sasa niwaambie duka la bunduki ambalo watu wetu wanalikumbuka kweli.

Hooyo ni wa Mogadishu. Alikimbia vita vilipoanza 1991, na Dagahaley ilipofunguliwa 1992 alikuwa kati ya waliopewa hema hapa. Kule Mogadishu kuna soko la Bakaara. Ndani yake, serikali ilipoanguka, kulikuwa na sehemu ya kuuza silaha iliyoitwa Cir Toogte. Maana yake ni mpiga anga. Iliitwa hivyo kwa sababu mteja akitaka kujua kama bunduki inafanya kazi, anainua mtutu juu anapiga. Umemaliza kupiga, unaanza kuelewana bei. Hakuna leseni, hakuna daftari, hakuna anayekuuliza jina la babako.

Lakini risasi ikienda juu, walaal, lazima irudi chini. Hooyo aliniambia majirani walikuwa wanalaza watoto chini ya kitanda hata siku ambayo hakuna vita, kwa sababu ya wateja wa sokoni tu. Mtu ananunua, wewe unakufa ukiwa umelala.

Sijawahi kumsikia hooyo akisema anatamani lile soko lirudi. Wala mama yeyote wa hapa kambini.

Nitakuwa mkweli, kwa sababu najua watanibana hapa. Kati ya Cir Toogte na duka lenye daftari, nambari ya bunduki na jina la mnunuzi, nachagua lenye daftari. Sitakuwa mjinga kukataa hilo. Na najua kuna wafugaji huku ambao wangekuwa wamemaliza ng'ombe wote kama hakungekuwa na polisi wa akiba wenye bunduki karibu. Bunduki inaweza kuwa na kazi. Lakini kitu chenye kazi ni tofauti na kitu cha kutamani. Hakuna anayeweka picha ya kituo cha zamani cha polisi na kuandika "enzi hizo zilikuwa tamu". Mnatamani muonekano: mbao, ngozi, kaptura, heshima ya mtu anayeogopwa. Mnatamani kuwa yule wa nyuma ya kaunta. Lakini kwenye ile picha, watu wanaofanana na nyinyi hawako nyuma ya kaunta. Kama wapo, wamebeba mizigo.

Na sisi tuliokuwa watoto wakati wa 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa Chuo Kikuu cha Garissa, hatuhitaji kuelezwa bunduki inafanya nini ikiingia bwenini alfajiri.

Sasa, mnataka kulilia duka la zamani? Njooni niwaonyeshe la kulilia.

Soko la Dagahaley, mstari wa nyuma, baada ya wauza mitumba, kulikuwa na duka la mabati la vifaa vya michezo. Dogo tu. Mwenyewe tulimwita Adeer, naye akituita adeer vile vile. Mipira ilining'inia mlangoni ndani ya wavu, kama vitunguu. Jezi za Arsenal na Barcelona, zote feki, majina yamekosewa herufi. Njumu za mitumba zimefungwa kamba mbili mbili. Glavu za golikipa jozi moja, hizo hizo kila mwaka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na pesa ya kuzinunua. Na pampu.

Hiyo pampu ilikuwa ya jamii. Miba ya huku mnaijua: mpira unatoboka kabla ya nusu saa. Ulikuwa unaupeleka kwa Adeer, anautia mate kutafuta tundu, anashona kiraka, anaujaza, anaudundisha mara tatu chini kisha anakurushia. Kama huna shilingi kumi, anakwambia leta kesho. Kila mtu alijua kesho haiji. Timu za blok zetu zilipangiwa ratiba pale, kwenye kipande cha katoni kilichobandikwa mlangoni. Ukitaka kujua nani anacheza na nani Ijumaa, unaenda kusoma katoni.

Lile duka lilikufaje? Kwanza, Adeer hakuweza kwenda Nairobi kununua mzigo. Ukiwa mkimbizi, kutoka kambini kunataka pasi, na pasi inataka sababu ambayo ofisi itaikubali. "Naenda Eastleigh kuchukua mipira" haikuwa sababu. Kwa hivyo alikuwa anatuma pesa kwa watu na mzigo unakuja kwa basi, nusu umepotea, bei imepanda. Ile pasi ya 1926, jameni, ilibadilisha jina tu.

Halafu ikaja 2016, serikali ikatangaza Dadaab itafungwa. Mahakama Kuu ilizuia Februari 2017, lakini hofu haijui mahakama. Nani ataleta mipira 50 mahali panapofungwa? Nani atampa mkopo? Adeer aliandikisha familia kurudi Kismayu. Aliuza mabati. Pampu akaiacha kwa kijana mmoja wa blok yetu, ikaharibika, na hakuna aliyepata ya kuibadilisha. Ule mlango wenye katoni sasa ni ukuta wa duka la simu.

Hilo ndilo duka lililouawa. Halikuua mtu, halikuua tembo. Liliweka vijana mia wakikimbia jioni badala ya kukaa wakisubiri mtu mwenye mpango mbaya aje kuwapa pesa. Na hakuna hata picha moja yake, nyeusi na nyeupe au ya rangi. Nimetafuta kwenye simu za marafiki zangu wote. Tulikuwa na simu wakati ule, tukapiga picha nyuso zetu tu.

Kuna Sheria ya Wakimbizi ya 2021, kuna Mpango wa Shirika uliozinduliwa 2025, maneno mazuri ya watu kufanya kazi na kuishi pamoja na wenyeji. Mimi kipimo changu ni kimoja na ni rahisi. Siku mtu wa Dagahaley atapanda basi bila pasi, afike Eastleigh, anunue mipira 50 na arudi nayo kwa jina lake, hapo nitaamini kitu kimebadilika. Kabla ya hapo ni karatasi.

Kwa hivyo ukiiona tena ile picha ya kabati la vioo, usinitumie. Nenda kwenye duka la mtaani kwenu linalouza mpira, njumu, hata kipenga. Nunua kitu. Piga picha mlango wake, mwenyewe akikubali mpige na yeye. Andika jina la mtaa na mwaka.

Halafu nitumie hiyo. Nitaiposti yote.