Timu imepanda? Uliza katiba iko kwa nani!

Wiki hii Simba na Yanga tuziweke pembeni kidogo, maana hizo hata usipoziongelea zitabishaniwa tu. Nataka kuongea na wewe ambaye timu ya wilayani kwenu inanyemelea kupanda Ligi Kuu, na fulana umeshanunua.

Raha ya kupanda ni noma! Mkuu wa wilaya anatinga uwanjani, diwani ambaye hajawahi kugusa mpira anajiita mlezi, mgombea ubunge anaahidi basi. Kila mtu anasema "timu yetu". Sasa hapo kwenye "yetu" ndipo penye kazi.

Chukua Ihefu. Jina lenyewe ni la bonde la maji kule Usangu, wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, kwa wakulima wa mpunga. Ilipanda 2020, ikashuka 2021, ikarudi 2022. Novemba 29, 2022, pale Highland Estates, Ubaruku, iliifunga Yanga 2-1 na kukata mwendo wa mechi 49 za ligi bila kufungwa. Oktoba 2023 ikaifunga tena, 2-1 vilevile, uwanja uleule. Nchi nzima ikaijua Ubaruku, hata wale waliokuwa wanaujua mchele wake tu.

Halafu? Msimu wa 2023/24 haujaisha, timu ikahamia Singida. Ilipofika 2024/25 hata jina halikubaki. Ikawa Singida Black Stars, na ikamaliza ya nne. Nilimuuliza mshikaji wangu mmoja wa kule Mbarali kama bado anaishangilia. Akanijibu: "Ndugu yangu, timu ikifa unalia, unamaliza. Hii ipo hai, inashinda, ila si yetu tena."

Na watu wa Singida wasicheke sana. Singida Big Stars waliyoipokea 2022 ilipanda ikiitwa DTB. Mwaka 2023 ikageuka Singida Fountain Gate, na 2024 ikafunga virago kwenda Babati, ikabaki Fountain Gate tu!

Simtukani tajiri hapa. Ligi ni ghali, bwana. Kuna mishahara, kambi, na safari za kutoka Mbeya mpaka Mwanza. Sisi tunaojiita wenye timu tunataka kuchungulia ukutani bure. Anayelipa kila kitu peke yake akiihamisha, anahamisha mali yake.

Wengine wanasema dawa ni halmashauri. Ni kweli, Mbeya City ya Halmashauri ya Jiji ilipanda 2013, ikamaliza ya tatu juu ya Simba, ikashuka 2023, ikarudi 2025, na muda wote huo ni ya Mbeya. Mwanza nao wamerudi 2024 na Pamba Jiji baada ya zaidi ya miaka 20. Lakini timu hiyo inakula chungu kimoja na mitaro na vyoo vya sokoni. Madiwani wakivutana, mchezaji naye anasubiri.

Kwa hiyo, kabla hujapuliza vuvuzela, waulize viongozi wako mambo matatu. Timu imesajiliwa kwa jina la nani? Wanachama wenye kadi ni wangapi? Kuhama au kubadili jina kunahitaji kura ya nani? Simba ilipotaka mwekezaji, wanachama waliitwa mkutanoni, wakakubali yeye achukue asilimia 49 na wao wabaki na 51. Waliitwa kwa sababu wapo kwenye daftari.

Lipa ada, chukua kadi, nenda mkutanoni hata kama unachosha. Ukiwa na fulana tu, siku lori linapokuja kubeba vifaa hakuna atakayekuuliza.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa!