Goma: Wakati kundi la simu linampa kijana sababu ya kuamuka

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, usiku, volkano Nyiragongo ililipuka. Wakaaji wa Goma walikimbia gizani, wengine upande wa Gisenyi, wengine barabara ya Sake. Katika kusukumana, mamia ya watoto walitengana na wazazi wao. Siku tano kisha, gavana wa kijeshi aliamuru kata 10 kati ya kata 18 za mji zihame, na watu karibu 400.000 wakaondoka.

Wengi waliacha nyumba na vyombo, lakini simu ilibakia mukononi. Picha za watoto zikaanza kuzunguka kwenye WhatsApp na Facebook: nani anajua huyu mutoto, nani ameona mama yake. Makundi yaliyokuwa ya mupira, ya kwaya ao ya wanafunzi wa zamani yakageuka mahali pa kutafutia watu.

Kazi bila mushahara

Kuendesha kundi la namna hiyo ni kazi ya kweli. Kunahitajika mutu wa kuandika majina, kupigia simu aliyetuma picha, kuuliza mutoto alionekana wapi na saa ngapi, halafu kufuta picha wakati mutoto amekwisha kurudi kwao. Kwa kijana aliyemaliza masomo na kukaa miaka bila kazi, siku zote zinafanana. Anaamuka, anazunguka, anarudi. Lakini siku mama moja kule Minova anangojea jibu lake, asubuhi inabadilika: kuna mutu anayemuhitaji.

Hapo ndipo kuna tofauti na kutafuta sifa mtandaoni. Kundi la watu 1.000 wanaosalimiana kila asubuhi linaweza kumuacha muongozi wake mupweke. Kundi la watu 40 wa avenue moja, wanaojua nani ni mugonjwa na nani amepoteza nyumba, linamupa jina na nafasi katika mutaa. Wazee wanaanza kumuita. Hakuna aliyemuchagua, kazi ndiyo ilimutambulisha.

Neno moja linaweza kuhamisha mutaa

Lakini nafasi hiyo ni nzito. Tarehe 29 Mei 2021, Serikali yenyewe ilitangaza mtandaoni kwamba volkano nyingine, Murara, imelipuka. Kisha ikasahihisha: haikuwa kweli. Kama habari ya Serikali inaweza kukosewa hivyo, ujumbe wa sauti usiojulikana umetoka wapi ni hatari zaidi. Familia inaweza kubeba watoto na kuingia barabarani usiku juu ya maneno ya mutu asiyeonekana.

Kwa hiyo, muongozi mwema anajulikana kwa yale anayokataa kutuma. Anauliza: nani ameona kwa macho yake? Wapi? Leo ao jana? Wengine watamukasirikia, watasema anaficha habari. Hiyo ni sehemu ya kazi. Sehemu ingine ni kuchoka: mega zinatoka mufukoni mwake, na simu inalia hata saa nane za usiku. Asiyegawa kazi na wenzake wawili ao watatu, mwisho anaacha kujibu.

Wakati mtandao unakatika

Jaribu kubwa lilikuja mwisho wa Januari 2025, wakati M23 iliingia Goma. Umeme, maji na intaneti vilikatika. Simu ikawa kimya kwa wengi.

Kwa kundi lililokuwa la maneno tu, siku zile hakukubakia kitu. Lakini mahali watu walikuwa wamejuana nyumba kwa nyumba, walijua mulango gani wa kubisha, nani ana kisima ao tanki la maji, mzee gani anaishi peke yake. Simu iliwakutanisha, lakini ujirani haukukaa ndani ya simu.

Leo familia nyingi za Goma na Bukavu zimetawanyika: Kinshasa, Kampala, Bujumbura. Makundi yanawasaidia kujulishana kilio, ndoa na habari ya nani amefika salama. Kijana anayetaka kuanzisha lake hahitaji watu wengi. Anahitaji haja moja ya kweli katika avenue yake, wenzake wawili wa kusaidiana, na uvumilivu wa kujibu hata siku hakuna anayesema aksanti.