Mitaa yetu na kura zisizopigwa

 

Kila msimu wa siasa unapokaribia, mabaraza ya Mombasa huanza kuhesabu mitaa. Mji wa Kale na Majengo ni kwetu, husemwa, basi kura za huko zajulikana. Changamwe na Chaani ni kwa wafanyakazi wa bandari na reli waliotoka bara, nazo pia zajulikana. Hesabu hiyo haikosi ukweli. Watu wanaoswali msikiti mmoja na kununua mkate duka moja huelekea kusikiliza maneno yale yale, na mara nyingi hufuata chama kimoja.

Lakini matokeo ya chaguzi yana mafunzo ambayo baraza huyapita mbio. Changamwe hiyo hiyo ya watu wa bara ilimchagua Omar Mwinyi kuwa mbunge mwaka 2013, 2017 na 2022, kwa tikiti ya ODM. Nyali, mchanganyiko wa kila kabila, ilimchagua Mohamed Ali mwaka 2017 akiwa mgombea huru, ikamrudisha mwaka 2022 akiwa na UDA, ilhali katika chaguzi zote mbili aliyeongoza kwa kura za urais Mombasa alikuwa Raila Odinga. Mpiga kura wa bara hakumkataa Mwislamu kwa Uislamu wake. Wanasiasa wanaotutisha kwamba mtaa fulani "umetwaliwa" wanatuuzia hofu kwa manufaa yao.

Jambo linalostahili kututia hofu ni jingine. Katika uchaguzi wa Agosti 9, 2022, waliojitokeza nchini kote walikuwa asilimia 65 hivi ya waliosajiliwa. Mombasa walikuwa takriban asilimia 44, ilhali kaunti kama Bomet na Homa Bay zilivuka asilimia 70. Mombasa ilikuwa na wapiga kura waliosajiliwa wapatao 642,000. Basi zaidi ya 350,000 hawakufika vituoni. William Ruto alimshinda Raila Odinga kwa kura 233,000 na ushei katika nchi nzima. Waliobaki nyumbani katika kaunti moja ya pwani walizidi tofauti hiyo.

Ugavana nao uliahirishwa hadi Agosti 29, kwa sababu karatasi za kura zilichapishwa makosa, na tangazo likatoka siku moja tu kabla ya uchaguzi. Abdulswamad Nassir alimshinda Hassan Omar kwa kura 21,000 hivi. Mshindi alipata kura takriban 119,000, yaani chini ya mtu mmoja kati ya kila watano waliosajiliwa. Hatumlaumu kwa hilo. Alipigiwa kura na waliokuja.

Kwa nini wengine hawakuja? Si uvivu pekee. Wapo wazee wanaokumbuka mwaka 1992, chama cha Islamic Party of Kenya kiliponyimwa usajili na vijana wakapambana na polisi katika barabara za mji huu. Wapo waliosikia mwito wa Mombasa Republican Council wa kususia uchaguzi wa Machi 2013 kwa neno la "Pwani si Kenya". Vijana wengi wenye majina ya Kiislamu nao wamezungushwa katika kutafuta kitambulisho, wakiulizwa hati za babu na bibi. Na asiye na kitambulisho hasajiliwi. Aliyetendewa hivyo na serikali haoni haraka ya kuichagua.

Wako pia masheikh wanaosema kuwa kupiga kura chini ya sheria zisizo za Kiislamu hakujuzu. Tunawaheshimu kwa elimu yao. Hata hivyo wapo wanavyuoni wanaoiona kura kuwa ni ushahidi, na Qur'ani katika Suratul-Baqara, aya ya 283, inakataza kuuficha ushahidi. Mahakama za Kadhi zimo katika Katiba kwa sababu Wakenya waliipitisha kwa kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, ingawa makanisa mengi yalizipinga. Anayefungua mirathi yake kwa kadhi leo anafaidi kura iliyopigwa siku hiyo.

Kuna sababu nyingine ndogo, isiyosemwa kwenye hotuba. Kodi za nyumba kisiwani zimepanda, na familia nyingi zilizozaliwa Majengo na Mji wa Kale sasa zinakaa Kisauni, Bamburi, hata Mtwapa, ambako ni Kaunti ya Kilifi. Majina yao yamebaki katika daftari la shule ya zamani. Siku ya kura, baba humwambia mama kwamba nauli ya watu watano, kwenda na kurudi, ni chakula cha siku mbili. Mtaa unahesabiwa barazani kana kwamba wote wangali pale.

Usajili endelevu wa wapiga kura ulifunguliwa tena Septemba 29, 2025 katika afisi za IEBC za maeneo bunge, na uchaguzi mkuu umepangwa kufanyika Agosti 10, 2027. Aliyehama anaweza kuomba kuhamishiwa kituo cha karibu na anapoishi sasa. Aende na kitambulisho chake, na amchukue kijana wa nyumbani aliyetimiza miaka 18 lakini hajajiandikisha.