Chupa ya Sampuli Isidharauliwe

Sehemu kubwa ya maji tunayokunywa Unguja na Pemba hutoka chini ya ardhi yetu wenyewe, visimani na katika chemchem. Pale penye uwanda, jiwe la matumbawe lina nyufa nyingi, na kinachomwagwa juu hakichukui muda kufika chini. Siku hizi kinachomwagwa si maji ya kufulia tu. Vituo vya petroli huzika matangi yake ardhini, na magereji mengine huosha vyuma kwa petroli na kuimwaga uwani.

Kwa hiyo hatuna budi kusema wazi kwamba kupima vijidudu peke yake hakutoshi. Petroli ina benzeni, kemikali iwezayo kuleta saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo chake katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita, kiasi ambacho jicho halikioni wala pua haikitambui.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni uchotaji. Benzeni na jamaa zake huruka hewani upesi. Mtumishi akichota maji kwa chupa ya soda, akaijaza nusu na kuiacha garini juani, kemikali iliyokuwemo itakuwa imekwisha kutoroka kabla ya kufika maabara. Mtaalamu atapima alicholetewa, ataandika “hakuna”, naye hatakuwa amesema uongo; lakini kijiji kizima kitaendelea kunywa sumu ile chini ya muhuri wa Serikali. Cheti cha namna hiyo, kwa maoni yetu, ni kibaya kuliko kutopima kabisa.

Utaratibu ulio sahihi si mgumu. Chupa ya kioo ya mililita 40 hujazwa mpaka ukingoni, hufunikwa, kisha hupinduliwa. Kikionekana kipovu cha hewa, kazi hurudiwa. Huwekwa katika barafu, na iliyotiwa matone ya asidi hupimwa ndani ya siku 14. Hufuatana nayo chupa ya maji safi isiyofunguliwa njiani. Hiyo ikikutwa na kemikali, hujulikana kuwa uchafu umeingia safarini. Mashine ya kutenganisha mvuke huo maabarani ni ghali, tunakiri. Barafu na chupa si ghali.

Tunawataka wahusika waanze na visima vilivyo karibu na vituo vya petroli na magereji, na kila jibu wanalotangaziwa wananchi litaje pia saa ya kuchota, aina ya chupa, na siku iliyopokewa maabara.