Majira yanagandisha damu? Ngoja kwanza, shoga!

Leo nina lenu dada zangu, na nyie akina kaka msikimbie, mzigo huu ni wenu pia.

Huko saluni stori ni ileile: "Acha vidonge vya majira shoga, vinagandisha damu." Jamani, hilo si uzushi mtupu. Vidonge vyenye homoni ya estrojeni vinaweza kweli kufanya damu igande kwenye mshipa wa mguu. Bonge hilo likichomoka likaenda kuziba mapafu, mtu anaweza kufa.

Lakini ni wangapi? Mwaka 2013 wakaguzi wa dawa wa Ulaya walitoa hesabu. Kati ya wanawake 10,000 wasiotumia vidonge, kwa mwaka kama 2 hupatwa. Wanaotumia vile vya siku nyingi ni 5 hadi 7. Baadhi ya vile vipya, 9 hadi 12. Na mimba je? Mimba inagandisha damu kuliko vyote hivyo!

Ndiyo maana stori nusunusu ni mbaya. Oktoba 1995 huko Uingereza ilitangazwa kuwa vidonge fulani vinaongeza hatari maradufu. Maradufu ya ngapi? Wengi hawakuuliza, wakatupa pakiti. Mwaka 1996 utoaji mimba ukapanda.

Kinachonikera mimi ni hii tabia ya kuazimana vidonge kama hereni. Shoga yako vinamkubali, wewe je? Kama unavuta sigara na umevuka miaka 35, una presha, umejifungua juzijuzi, au wewe au ndugu yako wa damu amewahi kupata tatizo hili, mwambie nesi wa uzazi wa mpango kabla hujameza hata kimoja. Vipo vidonge visivyo na estrojeni, na njia nyingine kibao.

Unayemeza tayari, sikia: mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana au pumzi ikikata ghafla, usianze kujikanda maji ya moto. Hospitali, siku hiyohiyo!

Ila usiache kwa maneno ya saluni bila kupata njia nyingine, halafu miezi miwili mbele uje unalia na tumbo. Na wewe kaka, msindikize mwenzio kliniki, usiishie kuuliza "umemeza?"

Haya, tukutane wiki ijayo.