Kigari kidogo kwenye theluji: Minyororo, soksi au misumari?

Mama mmoja wa Buruburu, Nairobi, ananiuliza swali ambalo sikulitarajia katika ukurasa huu. Binti yake ni muuguzi kusini mwa Ujerumani, karibu na milima ya Alps. Zamu yake huanza alfajiri, kabla ya basi la kwanza kupita, kwa hivyo amejinunulia kigari cha mtumba. Sasa baridi inabisha hodi. Mwenzake mmoja kazini amemwambia anunue minyororo ya magurudumu. Wa pili amesema hapana, soksi zinatosha. Wa tatu akatia misumari. Mama anataka kujua nani asikizwe, maana pesa za binti ni chache na shingo ni moja.

Msomaji mpendwa, usidhani hili ni la Buruburu pekee. Tangu Kenya na Ujerumani zitie sahihi mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi mnamo Septemba 2024, huenda nyumba yako ndiyo itakayofuata kumsindikiza mtu JKIA. Tunawafundisha vijana Kijerumani na tunawafungia unga kwenye sanduku. Kuhusu barafu, hakuna anayewaambia neno.

Wapo watakaosema, "Huyu ameendesha gari Kinangop wakati wa masika, atashindwa na theluji?" Naam, matope ni mwalimu mzuri, lakini hayatoshi. Kwenye matope gari hukwama. Kwenye barafu gari huenda, tena vizuri mno, ila halisimami wala halikati kona pale unapotaka. Unakanyaga breki na mti unazidi kukaribia.

Hebu basi tuanze pale wale wenzake watatu walipoparuka: tairi yenyewe. Mpira wa tairi ya kawaida hukakamaa hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, na mpira uliokakamaa haushiki barabara hata kama hakuna theluji. Tairi ya majira ya baridi hutengenezwa kwa mchanganyiko unaobaki laini, na uso wake umejaa mikato myembamba kama ya wembe, ambayo huuma theluji. Minyororo bora duniani ikivishwa juu ya tairi kipara ni sawa na kuvaa koti jipya juu ya shati lililochanika.

Sheria nayo haina mzaha. Tangu 2010 Ujerumani imemtaka dereva awe na tairi zinazofaa barabara ikiwa na theluji au barafu. Alama ya kutafuta ubavuni mwa tairi ni mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Zamani herufi M+S peke yake zilitosha, lakini muda wake uliisha tarehe 30 Septemba 2024. Wauzaji wa mitumba wako kila nchi, kwa hivyo binti asiuziwe tairi ya M+S isiyo na mlima. Akikamatwa bila tairi zifaazo faini ni euro 60 na pointi moja kwenye rekodi yake ya udereva. Akiwazuilia wengine njia, ni euro 80.

Anunue nne, si mbili. Najua mbili ni nafuu, na najua kigari chake huvutwa na magurudumu ya mbele. Lakini mbele ikishika na nyuma isishike, nyuma ndiyo itakayotaka kutangulia kwenye kona. Kina cha mitaro ya tairi kisheria ni milimita 1.6, ila wataalamu wa huko husema isiwe chini ya 4 kwa majira ya baridi. Kipimo chake kiko mfukoni: ukingo wa rangi ya fedha wa sarafu ya euro 2 una upana wa karibu milimita 4. Asimamishe sarafu ndani ya mtaro. Ukingo ukionekana nje, tairi imechoka.

(Aliye Cologne au Hamburg, ambako theluji hutembelea kama mgeni, anaweza kuishi na tairi za misimu yote mradi ziwe na alama ile ya mlima. Karibu na Alps nisingethubutu.)

Sasa turudi kwa wale watatu. Wa misumari tummalize upesi: tairi zenye misumari ni halali Norway, Sweden na Finland, lakini Ujerumani ilizipiga marufuku mwaka 1975 kwa sababu huchimba lami.

Soksi ni kitambaa kigumu kinachovishwa gurudumu. Ni nyepesi, huingia kwenye buti bila kelele, na muuguzi mwenye vidole vilivyoganda anaweza kuzivisha kwa dakika chache. Ufaransa inazikubali milimani tangu Novemba 2021. Tatizo ni mawili. Lami kavu huzitafuna haraka. La pili ni kubwa zaidi: Ujerumani kuna alama ya barabarani ya duara, ya buluu, yenye picha ya tairi lililofungwa mnyororo. Ukifika hapo, soksi hazihesabiki. Nafasi yake ni kutoa gari kwenye maegesho, basi.

Kwa hiyo wa minyororo ana haki, lakini hapa ndipo kigari kidogo kinapodai uangalifu. Kabla ya kulipa hata senti, binti afungue kitabu cha gari. Humo imeandikwa ni tairi za saizi gani zinazoruhusiwa kufungwa minyororo, kwani si zote. Kisha asome ubavu wa tairi. Tuseme ni 175/65 R14: upana wa milimita 175, kimo asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 14. Minyororo hununuliwa kwa saizi hiyo hiyo, si kwa kukadiria kwa macho. Katika magari madogo nafasi kati ya tairi na shoki ni finyu sana. Mnyororo mnene unaweza kukwaruza shoki au kukata paipu ya breki. Iko minyororo ya unene wa milimita 9, na iko myembamba ya 7 kwa ajili ya magari ya namna hii. Ile myembamba ina bei zaidi, na hapa singemshauri abane pesa.

Hufungwa magurudumu yanayovuta gari, kwake yeye ya mbele. Akiendesha mita chache asimame akaze tena. Asizidi kilomita 50 kwa saa, na akifika lami isiyo na theluji aivue. Na tafadhali, ajizoeze kuifunga mchana, pakiwa pakavu, mara mbili tatu, akiwa amevaa glavu. Saa kumi na moja alfajiri kwenye giza si wakati wa kusoma maagizo ya Kijerumani.

Huko husema tairi za baridi ni za kutoka Oktoba hadi Pasaka. Aweke miadi na fundi Septemba, kwa sababu theluji ya kwanza ikianguka foleni huwa ndefu na bei haicheki. Akiwa anaishi chumba cha kupanga, aulize kama watamhifadhia zile nne za kiangazi. Mafundi wengi hufanya hivyo kwa malipo ya msimu.