Mota Haina Baba Mmoja

Wasee, tumwache Nikola Tesla apumzike. Huwezi kumaliza wiki mtandaoni bila kukutana na picha yake, masharubu yamechanwa vizuri, na stori ni ileile: jamaa aliacha chuo, akawa anatembea kwenye bustani moja Budapest mwaka 1882, mota ya induksheni ikamjia kichwani, dunia ikabadilika. Chini ya picha kuna ushauri: piga kazi peke yako na ufunge mdomo, wazo lako litaibiwa.

Mimi pia niliacha chuo, karo ilinishinda. Kwa hivyo niseme bila kuogopa kuitwa mwenye wivu: hiyo stori inatupoteza.

Mota yenyewe unaijua. Ndiyo inayozungusha posho mill na pampu ya maji ya ploti. Ndani yake mikondo ya umeme wa AC inapishana kwa muda mdogo sana, na kupishana huko kunazaa nguvu ya sumaku inayozunguka. Sumaku hiyo inaamsha umeme ndani ya rota na kuiburuta izunguke nayo, bila brashi kuigusa.

Sasa nani aliileta? Mwaka 1824 Mfaransa François Arago alionyesha kuwa kisahani cha shaba kikizunguka kinavuta sindano ya sumaku iliyo karibu. Mwaka 1879 Mwingereza Walter Baily aliwaonyesha wanafizikia wa London kisahani kinachozunguka kwa sababu ya sumaku za umeme alizokuwa akizibadilisha kwa mkono. Mwaka 1885 Galileo Ferraris, profesa wa Turin, akaunda mota ndogo ya AC, akachapisha matokeo Machi 1888. Tesla aliwasilisha maombi ya hataza Oktoba 1887 na kupewa tarehe 1 Mei 1888. Na mota ya posho mill? Hiyo inafanana zaidi na ya Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, Mrusi aliyefanya kazi na kampuni ya AEG, Ujerumani: fezi tatu, rota ya kizimba, mwaka 1889.

Hapo ndipo mashabiki wanagawana viti kama Gor na Ingwe. Waitaliano na Ferraris wao, Warusi na Dobrovolsky wao, Waserbia na Wakroati wakivutana juu ya Tesla.

Mimi nasema swali lenyewe ni bovu. Umeme wa AC ulikuwa umeanza kusambazwa mijini, mota nzuri ya kuutumia ilikuwa haijapatikana, na kazi za kina Arago zilikuwa zimechapishwa, kila mtu anasoma. Watu wengi wakisukuma mlango mmoja, si ajabu waingie pamoja. Huhitaji mwizi ili kueleza hilo.

Kilichowatofautisha si akili. Ferraris, na shahada zake zote, alikokotoa kwamba mota ya aina hiyo haiwezi kuvuka ufanisi wa asilimia 50, akaona haina maana kiwandani. Kabla mshangilie kwamba aliyeacha chuo alimshinda profesa, angalieni nani alisimama nyuma ya Tesla. Charles Peck na Alfred Brown walilipia maabara New York. Rafiki yake Antal Szigeti alifanya naye kazi humo. Westinghouse akanunua hataza, akakubali kulipa dola 2.50 kwa kila nguvu farasi, na akanunua haki za Marekani za Ferraris pia, asije akabanwa upande wowote. Bado mota haikuwa tayari kwa soko. Wahandisi wake Charles Scott na Benjamin Lamme walihangaika nayo miaka kadhaa. Mahakama ya Marekani ilipotetea hataza za Tesla mwaka 1900, mshindi alikuwa Westinghouse, maana ndiye aliyekuwa akizimiliki.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na hakiundi mota.

Hapa Kenya hii si historia ya wazungu tu. Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 iko wazi: watu wawili wakivumbua kitu kilekile kila mmoja kivyake, haki ni ya aliyetangulia kuwasilisha ombi. Kwa hivyo wewe uliyeficha mchoro kwenye simu miaka mitano ukiogopa kuibiwa, siri yako haikulindi. Mtu wa Kisumu ambaye hajawahi kukusikia anaweza kupeleka ombi kesho, na hatakuwa amekuibia chochote.

Toka nje. Tafuta anayejua hesabu kukuzidi, ukaguliwe kabla hujajikatia tamaa kama Ferraris. Tafuta wa kulipia vifaa, na usome mkataba kabla ya kutia sahihi. Na yule fundi wa Kamukunji aliyekuchomelea fremu, akakuonyesha kwamba mchoro wako haungesimama? Siku ya kujaza fomu, jina lake liandikwe pia.